Mteja Asiyeambiwa Hapana

Katika semina za ujasiriamali, katika vipindi vya asubuhi vya redio na katika vijitabu vya biashara vinavyouzwa kando ya vituo vya mabasi, kuna mtazamo mmoja uliorudiwa mara nyingi hata ukaacha kuonekana kuwa ni mtazamo, ukachukuliwa kuwa ni jambo lililokwisha kuthibitishwa: kwamba mteja ni mfalme, kwamba mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki hakui kwa sababu hajui kumfurahisha mfalme huyo, na kwamba dawa yake ni tabasamu, maneno laini na utayari wa kukubali kila anachoombwa. Mtazamo huo una nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoupa nguvu, kwa kuwa hakuna apendaye kuhudumiwa kwa dharau. Lakini ukipimwa kwa mambo yanayowatesa wateja wa biashara ndogo kila siku, yaani nguo isiyokuwa tayari siku iliyoahidiwa, bei inayofichwa, na simu isiyopokelewa pindi kazi inapochelewa, mtazamo huo unaonekana kuwa ni sehemu ya ugonjwa unaodai kuutibu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mawasiliano mabovu kati ya mfanyabiashara mdogo na mteja wake huzaliwa mara nyingi na hamu ya kupendeza iliyopita kiasi, na kwamba ujuzi unaokosekana ni ule wa kumwambia mteja mapema, kwa adabu na kwa uwazi, jambo ambalo asingependa kulisikia.

Mfanyabiashara mdogo anayekusudiwa hapa ni yule anayemiliki biashara na kuiendesha kwa mikono yake mwenyewe. Sera ya Maendeleo ya Biashara Ndogo na za Kati ya Tanzania ya mwaka 2003 inaihesabu biashara kuwa ndogo sana ikiwa ina watu wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5, ilhali sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu biashara za aina hiyo inatazama idadi ya wafanyakazi, ambayo haifiki 10, pamoja na mauzo ya mwaka yasiyozidi shilingi 500,000 za Kenya. Tofauti ya vipimo hivyo si kubwa kama inavyoonekana, kwa sababu hali ya mhusika ni ileile pande zote mbili za mpaka: yeye ndiye mnunuzi wa malighafi, ndiye fundi, ndiye muuzaji, ndiye mkopeshaji na ndiye mdai. Hana idara ya malalamiko wala akiba ya kufidia makosa. Kila ahadi anayoitoa inalipwa kwa saa zake za kazi, au kwa usingizi wake, au kwa fedha iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya chakula cha nyumbani.

Historia ya fundisho la mteja asiyekosea inaonyesha kwa nini halikutungwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Fundisho hilo lilikulia katika maduka makubwa ya ghorofa ya Paris, Philadelphia, Chicago na London, kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi mwanzo wa karne ya 20. Aristide Boucicaut, aliyeingia ubia katika duka la Le Bon Marché la Paris mwaka 1852, alijulikana kwa kuweka bei isiyobadilika juu ya kila bidhaa na kuwaruhusu wanunuzi kurudisha wasichokipenda. John Wanamaker alifuata njia kama hiyo huko Philadelphia. Na Harry Gordon Selfridge, aliyejifunza kazi kwa miaka mingi katika duka la Marshall Field la Chicago, aliuvusha mtindo huo bahari alipofungua duka lake katika barabara ya Oxford Street, London, mwaka 1909. Kwa upande wa hoteli, msemo wa kwamba mteja hakosei kamwe huhusishwa na César Ritz. Watu hao walijua hesabu zao vizuri. Duka linalouza maelfu ya vitu kwa siku linaweza kulipokea gauni lililokwisha kuvaliwa na kurudishwa kwa hila, kwa kuwa hasara ya gauni moja inamezwa na faida ya mengine yote, na maneno makali ya mteja yanamwangukia muuzaji wa mshahara aliye kaunta, si mwenye mali aliye ghorofa ya juu.

Kuna jambo jingine katika historia hiyo ambalo wahubiri wa fundisho hili hawalitaji, nalo ni kubwa kuliko hilo la kwanza. Kabla maduka hayo hayajamsifu mteja, yalimpa taarifa. Bei iliandikwa mahali inapoonekana, masharti ya kurudisha mali yalitangazwa, na mtu aliyeingia bila kujulikana na yeyote aliuziwa kwa bei ileile aliyouziwa mke wa tajiri. Heshima waliyoihisi wanunuzi ilitokana kwanza na uwazi huo, na ukarimu wa maneno ulikuja juu ya msingi uliokwisha kujengwa. Msemo ndio uliosafiri hadi Afrika Mashariki, ukapambwa kwenye kuta za saluni na migahawa, lakini kibandiko cha bei kilichoupa maana hakikusafiri nao.

Hakuna mahali ambapo madhara ya jambo hilo yanaonekana wazi kama kwa fundi cherehani katika nusu ya pili ya mwezi wa Ramadhani, au katika majuma yanayotangulia Krismasi. Fundi ana cherehani moja, pengine na kijana anayejifunza kazi, na kwa uzoefu wake anajua ni nguo ngapi anazoweza kukata, kushona, kutia vifungo na kupiga pasi kwa siku moja. Wateja wanaingia mmoja baada ya mwingine na vitambaa vyao mikononi. Kila mmoja anauliza kama nguo itakuwa tayari kabla ya sikukuu, kila mmoja anajibiwa kwamba itakuwa tayari bila wasiwasi, na kila mmoja anaacha malipo ya awali. Inapofika siku ya ishirini ya mfungo, ahadi zilizolundikana chini ya meza zimekwisha kuzizidi saa zilizobaki, na kuanzia hapo fundi hana jibu jingine isipokuwa "njoo kesho", neno ambalo mteja atalisikia mara tatu au nne kabla ya kuipata nguo yake, na pengine asiipate mpaka sikukuu imepita.

Watu wanapoizungumzia hali hii huishia kusema kwamba mafundi ni waongo, kana kwamba uongo ulikuwa sehemu ya cherehani. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, tena haielezi kitu. Fundi anayesema "njoo kesho" hapati faida yoyote kwa kusema hivyo, maana malipo ya awali alikwisha kuyapokea, nguo bado anadaiwa, na mteja anayerudi akiwa amekasirika ni mzigo kwake. Anasema hivyo kwa sababu, kwa dakika chache ambazo mteja amesimama mbele yake, jibu la kweli linaonekana kuwa zito kuliko jibu la kupendeza; na katika kulichagua jibu la kupendeza anafanya jambo lilelile ambalo semina zinamfundisha, yaani anamfurahisha mteja, hambishii, wala hamruhusu aondoke na uso uliokunjamana. Anayeelekezwa kwamba kumkatalia mteja ni kumfukuza hawezi kulaumiwa peke yake anapokubali asichokiweza.

Chini ya tabia hiyo kuna sababu ya kiuchumi ambayo mafundisho ya tabasamu hayaigusi. Malipo ya awali anayoyaacha mteja hayakai yakingoja nguo yake. Yananunua uzi na zipu kwa ajili ya nguo ya mtu aliyetangulia, yanalipa umeme na kodi ya kibanda, na sehemu yake inakwenda sokoni siku ileile. Yamegeuka kuwa mtaji wa uendeshaji, yaani fedha inayohitajika kila siku ili kazi isisimame, na fundi asiyekuwa na chanzo kingine cha mtaji huo analazimika kupokea kitambaa kipya ili amalizie cha zamani. Mzunguko huo ukishaanza, kila mteja mpya anagharimia ucheleweshaji wa mwenzake bila kujua. Gharama yake kwa mteja ni nauli ya daladala inayolipwa tena na tena, ni ruhusa ya kazini iliyoombwa bure, na ni mtoto anayekwenda kuswali Idi na kanzu ya mwaka jana inayoishia juu ya kifundo cha mguu. Haya si mambo madogo, na anayeyaita ukosefu wa tabasamu hajawatazama wanaoyabeba.

Mawasiliano yanayofaa katika hali hiyo yanaanzia kwenye daftari kabla hayajafika mdomoni. Mafundi wengi wana daftari la vipimo, linaloandika urefu wa mkono na upana wa kifua. Walio nalo la siku ni wachache, yaani daftari ambalo kila ukurasa ni tarehe moja, na ndani yake zinaandikwa nguo zinazoweza kumalizika tarehe hiyo hadi nafasi zijae. Ukurasa ukijaa, fundi ana jibu lililo mbele ya macho yake na ya mteja, na jibu hilo linaweza kutolewa kwa upole wote unaotakiwa: kwamba nafasi za kabla ya sikukuu zimekwisha, kwamba nguo inaweza kuwa tayari siku fulani baada ya sikukuu, au kwamba kuna fundi mwingine mtaa wa pili ambaye huenda ana nafasi. Na ikiwa mgao wa umeme au ugonjwa umeivuruga ratiba, simu inapigwa asubuhi, mteja akiwa bado nyumbani, badala ya maelezo kutolewa jioni akiwa amekwisha kusafiri na kusimama mlangoni. Ukweli uleule ukisemwa mapema humwachia mteja nafasi ya kuamua, na ukisemwa kwa kuchelewa humwachia hasira tu, hata kama maneno yamechaguliwa kwa ustadi kiasi gani.

Mfano wa pili ni wa zama za simu. Katika kurasa za Instagram na Facebook za wauza nguo, viatu, vipodozi na samani, imekuwa desturi kuweka picha nzuri, maelezo yenye mapenzi mengi kwa mteja, na mwisho wake maneno "bei njoo inboksi". Wanaoitetea desturi hiyo wana sababu zao, nazo zinastahili kusikilizwa: washindani wakiiona bei wataishusha yao kidogo, mteja akishaandika ujumbe anakuwa karibu kununua, tena bei ya jumla na ya rejareja haziwezi kuwekwa pamoja hadharani bila kuwaudhi wanunuzi wa rejareja. Hata hivyo, sababu zote hizo zinamtazama muuzaji. Kwa mnunuzi, bei iliyofichwa ina maana moja kati ya mbili, ama kwamba kitu ni ghali kupita uwezo wake, ama kwamba bei itategemea jinsi atakavyoonekana. Na mtu mwenye shilingi chache, anayeogopa aibu ya kuuliza bei asiyoiweza, hupita kimya kimya. Muuzaji anahesabu ujumbe uliokuja, lakini hana njia ya kuwahesabu waliopita.

Nadharia ya uchumi imelieleza jambo hili kwa namna inayofaa kukumbukwa. George Akerlof, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, alionyesha matokeo ya taarifa zisizolingana, yaani hali ambayo upande mmoja wa biashara unajua ubora wa kitu na upande mwingine haujui. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na bovu hukubali kulipa bei ya wastani tu. Kwa bei hiyo mwenye gari zima haoni sababu ya kuuza, na soko hubaki na mabovu. Miaka minane baadaye, Clifford Geertz, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti wake katika mji wa Sefrou nchini Morocco, aliliandika soko la bazari kuwa mahali ambapo taarifa ni haba, hazikugawanyika sawa na zinatafutwa kwa juhudi kubwa, na akaeleza kwamba watu huipunguza kazi ya kutafuta kwa kujenga uteja, yaani mazoea ya kurudi kwa muuzaji yuleyule. Kinachofuata kutokana na kazi hizo mbili ni kwamba muuzaji mwaminifu anayeficha bei, ubora au tarehe anajiweka mwenyewe katika kundi la matapeli, kwa sababu mnunuzi hana alama ya kumtenganisha nao. Uteja unaodumu hujengwa na yule anayempunguzia mnunuzi kazi ya kutafuta.

Isidhaniwe kwamba hapa inalaumiwa desturi ya kupatana bei. Kupatana ni mazungumzo yenye kanuni zake, yanayojulikana na pande zote mbili, na bei ya kwanza inayotajwa katika masoko ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, Gikomba jijini Nairobi au Darajani huko Zanzibar ni taarifa tayari, maana mnunuzi mzoefu anajua ianzie wapi na iishie wapi. Muuzaji anayesema "bei ya mwisho ni hii" na kweli ikawa ya mwisho anawasiliana vizuri kuliko mwenye kibandiko ambacho hakiheshimu. Ubaya uko katika kumnyima mtu mahali pa kuanzia. Kenya imekwenda mbali zaidi kwa kuliweka jambo hili katika sheria kuu ya nchi, kwani ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inawapa watumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, pamoja na taarifa wanazohitaji ili wafaidike nazo kikamilifu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Sheria hizo zinamtambua mnunuzi kama raia mwenye haki, na raia anadaiwa ukweli hata pale ambapo ukweli huo haumpendezi.

Katika suala la mkopo, wenye maduka ya mtaani waliijua hekima hii zamani kuliko wakufunzi wao. Maandishi ya "leo taslimu, kesho mkopo" na "kukopa harusi, kulipa matanga", yaliyobandikwa juu ya rafu za sabuni na majani ya chai, hutazamwa na wageni kama vichekesho vya mtaani, ilhali kazi yake ni nzito. Mwenye duka anaishi na wateja wake. Anakutana nao msikitini, kanisani na msibani. Kumkatalia jirani uso kwa uso ni jambo linaloweza kuharibu mengi yasiyohusiana na unga wala sukari. Maandishi yanaondoa uchungu huo kwa kuufanya ukatazo uwe wa wote kabla mtu yeyote hajaomba, kiasi kwamba anayekataliwa hakataliwi yeye, na anayekopeshwa anajua kuwa amepewa kisicho cha kawaida. Huo ni ufundi wa mawasiliano wa hali ya juu, uliobuniwa bila semina.

Ufundi huo hukoma, kwa bahati mbaya, pale mkopo unapotolewa. Wengi hukopesha kwa neno la "utaniletea ukipata", kwa sababu kutaja tarehe kunaonekana kuwa ni kumshuku mtu, na matokeo yake ni daftari lenye majina na kiasi lakini lisilo na siku ya kulipa. Waswahili wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Inafaa kuongezwa kwamba daftari lililoandikwa upande mmoja tu wa kaunta nalo ni nusu ya daftari. Mkopaji anahitaji kuondoka akijua jumla ya deni lake, siku aliyoikubali na kitakachotokea siku hiyo ikipita, na leo jambo hilo halihitaji zaidi ya ujumbe mfupi wa simu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, mamilioni ya watu, wakiwemo wasiosoma kwa urahisi, wamezoea kungoja ujumbe unaotaja jina, kiasi na saa kabla ya kuamini kuwa fedha imefika. Ujumbe huo hauna salamu wala sifa kwa mteja, na hata hivyo ni miongoni mwa maandishi yanayoaminiwa kuliko yote katika biashara za ukanda huu, kwa sababu unasema yote yanayohitajika na unasema wakati unaohitajika.

Fundisho la ufalme linajipinga lenyewe mahali pengine pia, nalo ni ukutani. Kuna maduka ambamo maneno "mteja ni mfalme" yamebandikwa karibu na maneno "mali ikishauzwa hairudishwi", na hakuna anayeonekana kushangaa. Mfalme ambaye hawezi kurudisha pasi iliyokufa siku ya pili hana ufalme wowote. Amepewa cheo badala ya haki. Pale bidhaa inapoharibika, mteja anataka kujua mambo matatu tu, kama kosa linakubaliwa, nani atagharimia, na lini. Na muuzaji anayemwambia waziwazi kwamba vifaa vya umeme vinajaribiwa dukani na vinabadilishwa ndani ya siku kadhaa zilizotajwa kwenye risiti, lakini nguo za ndani hazirudishwi kwa sababu za usafi, amemheshimu kuliko aliyembembeleza wakati wa kununua na kumgeuzia mgongo wakati wa kulalamika. Masharti madogo yanayotekelezwa yana thamani kubwa kuliko ukarimu usio na mipaka ambao upo katika maneno peke yake.

Itasemwa kwamba hoja hii inahalalisha ukali, na kwamba wateja wamechoka na wauzaji wasiojibu salamu. Malalamiko hayo ni ya haki. Katika miji ya pwani muuzaji anayetaja bei kabla ya kuitikia salamu huonekana hakulelewa, na uungwana huo haustahili kupunguzwa hata kidogo. Lakini adabu na kupendeza ni mambo mawili. Adabu inahusu namna ya kusema, na inaweza kuambatana na jibu lolote, hata la kukataa. Kupendeza kunahusu kinachosemwa, na ndiko kunakobadilisha jibu ili uso wa msikilizaji usibadilike. Vivyo hivyo, kumsikiliza mteja si kumtii. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliouza vitambaa vya merikani Zanzibar katika karne ya 19, na baada yao wauza kanga wa Mombasa na Zanzibar, walilazimika kujifunza kwa makini wanunuzi wanapenda nini, kwa kuwa kanga ambayo wanawake hawakuitaka ilibaki dukani hata ingeshushwa bei. Waliwasikiliza wanunuzi kama watu wenye ujuzi ambao muuzaji hana, na ujuzi huo ukaongoza bidhaa zilizoagizwa. Kusikiliza kwa namna hiyo kunahitaji uhuru wa kujibu, kwani mteja anayeambiwa ndiyo kwa kila jambo hapati nafasi ya kujua ni lipi kati ya aliyoyataka linawezekana.

Pingamizi zito zaidi ni la tumbo. Anayekataa kazi leo anaweza kukosa chakula leo, wakati faida ya kuaminiwa inakuja baada ya miezi, na si haki kumhubiria uvumilivu mtu ambaye mauzo ya asubuhi ndiyo mlo wa jioni. Pingamizi hilo ni la kweli na halijibiwi kwa maneno ya kutia moyo. Jibu lake lipo katika mipango inayoifanya "hapana" ya mtu mmoja isiwe hasara yake peke yake. Mtindo wa maduka ya Kariakoo ambapo mwenye duka asiyekuwa na bidhaa huichukua kwa jirani na kumletea mteja unaonyesha kwamba wauzaji wanaoshindana wanaweza kupelekeana wateja bila kuuana. Mafundi wa mtaa mmoja wanaweza kufanya hivyo wakati wa sikukuu, kwa makubaliano ya malipo kidogo kwa anayemwelekeza mteja. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vinaweza kumpa fundi mtaji wa uzi na kodi, ili malipo ya awali ya mteja yarudi kuwa dhamana ya kazi yake. Bado watakuwepo wateja watakaoondoka baada ya kuambiwa ukweli na wasirudi. Hasara hiyo ipo, na anayeitetea hoja hii analazimika kuikubali. Ni ndogo tu kuliko ile ya mtaa mzima kuzoea kwamba neno la fundi halina uzito, hasara ambayo inawaangukia hata mafundi wanaotimiza ahadi.

Wako pia wanaolipia fundisho hili bila kuulizwa. Nao ni wahudumu wa migahawa, wasusi, wauza duka na wasaidizi wa mama lishe, wengi wao wasichana wadogo, ambao wameelekezwa kutabasamu mbele ya matusi na mikono isiyo na heshima kwa sababu anayefanya hayo ni mfalme. Japani, ambako karne iliyopita ulienea msemo wa kwamba mteja ni mungu, imelazimu mamlaka kuingilia kati: jiji la Tokyo lilipitisha mwezi Oktoba 2024 kanuni ya kukataza wateja kuwanyanyasa wahudumu, na kanuni hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2025. Mwenye biashara ndogo hahitaji kungoja sheria kama hiyo ili amwambie mteja, mbele ya mhudumu wake, kwamba chakula atapewa lakini lugha hiyo haikubaliki katika kibanda chake. Mhudumu aliyejiona akitetewa hivyo atakuwa na ujasiri wa kumwambia mteja anayefuata kwamba samaki ni wa jana.

Yanayostahili kubadilika, basi, ni yaliyomo katika mafunzo yenyewe, yawe yanatolewa na SIDO, shirika la Tanzania la kuhudumia viwanda vidogo, na halmashauri, na benki au na mashirika ya kidini. Saa zinazotumika kumfundisha mwenye saluni sentensi za kumsifu mteja zingetumika kumsaidia kuandika bei za mitindo yote ya kusuka, muda unaochukuliwa na kila mmoja, na saa ya mwisho ya kupokea mteja wa mitindo mirefu siku ya Jumamosi. Fundi seremala angejifunza kuandika makubaliano ya kitanda katika nusu ukurasa, yakitaja aina ya mbao, malipo ya awali, tarehe, na atakachofanya mbao zikichelewa kutoka Mafinga. Na fundi cherehani angekaa na mkufunzi mwenye saa mkononi, wakapima muda halisi wa kushona suruali moja kutoka kitambaa hadi pasi, wakagawanya saa zilizobaki hadi mkesha wa Idi kwa muda huo, kisha wakaiandika idadi iliyopatikana kwa wino mnene na kuibandika ukutani, mahali ambapo mteja wa kwanza wa asubuhi ataisoma kabla hajakunjua kitambaa chake.